Taa Zilizokuwa Zikijisikiliza: Kisa cha Sebule Moja

Malalamiko yalikuwa manne, na mwenye nyumba aliyataja kwa mkupuo mmoja. Taa zinawaka lakini hazichezi. Wimbo ukinoga zinazimika zote, kisha zinaanza upya. Upande wa mwisho wa ukanda unageuka rangi ya chungwa. Na mgeni mmoja aliomba zizimwe kwa sababu kichwa kilianza kumgonga. Alikuwa na hakika kwamba mkosaji ni programu. Alishapitia mitindo yote iliyomo ndani yake, akaongeza hiki na kupunguza kile, na sasa alitaka kuambiwa kama ipo programu nyingine iliyo bora.

Programu haikuwa na kosa lolote. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu hitilafu zake ndizo zinazokutwa mara nyingi kwenye taa za muziki za nyumbani, na hapa zilikuwa zimebebana: moja ilikuwa ikiifunika nyingine, na kila rekebisho alilofanya mwenyewe lilikuwa limetibu dalili na kuuacha ugonjwa uendelee.

Mtambo wenyewe ulikuwa hivi. Ukanda wa LED wa mita 5, aina ya WS2812B, wenye taa 60 kwa kila mita, kwa hiyo 300 kwa jumla, ulibandikwa sehemu ya juu ya ukuta ukimulika dari. Katika aina hii kila taa ina chipu yake, hivyo kila moja huweza kupewa rangi yake peke yake. Ukanda uliongozwa na bodi ya ESP32, kompyuta ndogo ya kuongozea vifaa, iliyopakiwa WLED, programu huria inayotumiwa sana kwa kazi hii. Maikrofoni ilikuwa ile ndogo ya MAX9814, imewekwa juu ya rafu nyuma ya makochi. Umeme ulitoka kwenye adapta ya volti 5 na ampea 4, iliyokuwa ya kifaa kingine kabla ya kupewa kazi hii, na ulipita kwenye waya mrefu mwembamba. Muziki ulitoka kwenye simu ukaenda kwenye spika kwa Bluetooth.

Jaribio la kimya

Kitu cha kwanza nilichoomba ni muziki uzimwe. Watu wengi hujaribu taa za muziki kwa muziki, nao huishia kubishana kama zinacheza au hazichezi. Kimya hakina ubishi: taa ama zimetulia ama hazijatulia.

Hazikutulia. Zilipanda na kushuka polepole kama zinazopumua, wakati chumbani hapakuwa na sauti yoyote ya maana. "Zinasikia friji," alisema mwenye nyumba. Friji ikazimwa, taa zikaendelea. Nikaifunika maikrofoni kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, hakuna kilichobadilika. Hapo ilikuwa wazi kwamba zinachokisikia hakipiti hewani.

WLED huonyesha kiwango cha sauti inayoingia, na unaweza kukitazama kwenye simu huku ukibadilisha mambo mengine. Nikaushusha mwangaza wa ukanda hadi chini kabisa. Kiwango cha sauti kikaanguka papo hapo, kikalala karibu na sifuri. Nikaupandisha mwangaza taratibu, na kiwango nacho kikaanza kupanda, kisha kikaanza kuyumba. Nikaushusha, kikalala tena. Maikrofoni ilikuwa ileile, imefunikwa kwa kitambaa kilekile, katika chumba kilekile kimya. Kilichobadilika ni mwangaza tu.

Taa zilikuwa zikijisikiliza zenyewe. Njia yenyewe ni hii. LED zikiongeza mwangaza, zinavuta mkondo mkubwa zaidi. Adapta ndogo na waya mwembamba haviwezi kuupitisha bila volti kushuka. Maikrofoni ya analogia, ile inayotuma sauti kama volti inayopanda na kushuka, ikila umeme wa waya uleule, na kurudisha umeme kwenye waya uleule wa hasi, huona mshuko huo kama wimbi kwenye njia yake ya sauti. Ni milivolti chache tu, lakini MAX9814 ina kipaza sauti, yaani amplifaya, kinachojirekebisha chenyewe: chumba kikiwa kimya, hujiongezea nguvu hadi desibeli 60, yaani mara 1,000. Milivolti chache zikizidishwa namna hiyo zinakuwa "muziki". Bodi inasikia muziki, inaongeza mwangaza, mkondo unapanda, volti inashuka, maikrofoni inasikia tena. Duara limefunga.

Kwa uhakika zaidi tulitenganisha umeme: bodi na maikrofoni zikapewa betri ya kuchajia simu, ukanda ukabaki kwenye adapta, na hasi za pande zote mbili zikaunganishwa, kwa sababu bila hilo data haisomeki. Kupumua kule kulipungua sana. Hakukwisha kabisa, kwa kuwa waya wa hasi bado ulikuwa wa pamoja, lakini ilitosha kuondoa shaka.

Sasa tazama alichokifanya mwenye nyumba kabla sijafika. Aliona taa zinahangaika pasipo muziki, akapandisha kizingiti cha kelele, kile kiwango ambacho sauti iliyo chini yake hupuuzwa. Nyimbo za taratibu zikaacha kuzigusa taa. Kwa nyimbo zilizobaki taa zilikuwa bado zinatetema, akarefusha muda wa mwanga kushuka hadi zaidi ya sekunde moja ili mtetemo ulainike. Ukalainika kweli. Pamoja nao, mdundo nao ukalainika hadi ukapotea. Nitalirudia hili, kwa sababu ndilo lililozifanya taa zisicheze. Lakini lisingeweza kurekebishwa mpaka umeme utengemae.

Ampea 4 kwa kazi ya 18

Hesabu yake ni fupi. Taa moja ya WS2812B ina vipande vitatu, nyekundu, kijani na buluu, na kila kimoja huvuta hadi miliampea 20 kikiwaka kwa nguvu zote. Nyeupe kamili ni vyote vitatu, miliampea 60. Mara 300 ni ampea 18, sawa na wati 90. Matoleo mapya huvuta pungufu ya hapo, lakini hata ukikata theluthi nzima bado uko mbali na ampea 4.

Multimita, kifaa cha kupimia umeme, ilisema mengine. Taa zikiwa hafifu, volti mwanzoni mwa ukanda ilikuwa 4.6. Nyeupe ikiwashwa kote ilishuka hadi 4.4 kwa muda mfupi, na mwishoni mwa ukanda ilikuwa imebaki 3.1. Rangi ya chungwa ilitoka hapo. LED ya buluu na ya kijani huhitaji karibu volti 3 ili ziwake sawasawa, ilhali nyekundu huridhika na 2 hivi. Volti ikishuka, buluu ndiyo hufifia kwanza, kijani inafuata, na nyekundu inabaki peke yake. Nyeupe yako inakuwa njano, kisha chungwa. Ukiona hivyo usihangaike na rangi kwenye programu. Ukanda una njaa ya umeme.

Na kuzimika kote wimbo ukinoga? Sehemu ya wimbo yenye kishindo ndiyo iliyowasha taa zote nyeupe. Adapta inazidiwa, volti inaanguka chini ya kiwango kinachovumilika na ESP32, bodi inajizima ili isiharibu kitu, kisha inawaka upya. Kwa hiyo pale mtu anapotaka mwanga mwingi kuliko pote, ndipo anapopata giza. Hata kabla ya kuzimika kabisa, mdundo mzito ulikuwa ukizifanya taa zififie badala ya kung'aa, na jicho, bila kujua sababu, linaona mwanga unaokwenda kinyume na ngoma.

Tulibadilisha adapta, ikawekwa pawa saplai ya ampea 10. Nyaya za milimita 1.5 za mraba zikavutwa hadi pande zote mbili za ukanda, mwanzo na mwisho, kila mmoja ukiwa na fyuzi yake. Kapasita ya mikrofaradi 1,000, inayoweka akiba ndogo ya umeme, ikawekwa pale umeme unapoingia. Kisha ndani ya WLED tukaweka kikomo cha miliampea 8,000. Programu hukadiria mkondo wa kila picha inayoituma, na ikiona utapita kikomo inapunguza mwangaza yenyewe. Unaweza kuuliza kwa nini tusinunue ya ampea 20 tukamaliza. Kwa sebule, nyeupe kamili kutoka taa 300 haina kazi yoyote kwenye sherehe. Rangi moja kwa wakati mmoja huvuta theluthi, karibu ampea 6, na nafasi hiyo ilikuwepo.

Fyuzi watu huiruka kwa kusema volti 5 haziui. Haziui kwa kushika. Lakini ampea 10 zikipita kwenye waya mwembamba uliopiga shoti nyuma ya pazia, kinachofuata ni moto.

Hapa kisa kilitoa jambo ambalo humchanganya mtu aliyedhani amemaliza. Umeme mpya ulipounganishwa, volti 5 kamili mwanzo hadi mwisho, ukanda ukaanza kurusha vimulimuli: taa moja moja zikawaka kijani au nyeupe pasipo amri, hasa mwanzoni mwa ukanda. Mwenye nyumba alinitazama kama mtu aliyeharibiwa mali yake. Kilichotokea ni kwamba hitilafu ya zamani ilikuwa ikiificha nyingine. Data husafiri kama moja na sifuri, na WS2812B huitambua "moja" pale volti ya waya wa data inapofika asilimia 70 ya volti inayoilisha. ESP32 hutoa data ya volti 3.3. Ukanda ukilishwa kwa 4.6, kinachohitajika ni 3.22, na 3.3 inapita kwa kujikuna. Ukanda ukilishwa kwa 5, kinachohitajika ni 3.5, na 3.3 haifiki. Umeme mbovu ndio uliokuwa ukiivusha data.

Chipu ya 74AHCT125, inayopokea 3.3 na kutoa 5, ilimaliza hilo. Iliwekwa karibu na bodi, na rizista ya omu 330 kwenye waya wa data. Ningeziweka siku ya kwanza kwa kila mtambo wa volti 5 unaoongozwa na bodi ya volti 3.3, hata kama unaonekana unafanya kazi.

Sikio jipya

Maikrofoni nayo ilibadilishwa. Kipaza kinachojirekebisha chenyewe ni kizuri kwa kurekodi mazungumzo: anayenong'ona na anayepaza sauti wote wasikike sawa. Kwa taa za muziki ni balaa, maana kazi yake yote ni kuzifanya sauti zilingane, na taa zinaishi kwa kutolingana. Mdundo unapiga, kipaza kinajipunguza. Mdundo unapita, kipaza kinajiongeza na kuokota vicheko. Wimbo wenye kupanda na kushuka unafika kwenye bodi ukiwa umebanwa ukawa tambarare.

Badala yake iliwekwa INMP441, ambayo huigeuza sauti kuwa tarakimu humo humo ndani yake na kuituma kwa njia ya I2S, iliyo ya sauti ya tarakimu. Mchafuko wa waya wa umeme hauna tena mlango rahisi wa kuingilia kwenye sauti. Jaribio la kimya likarudiwa: taa zikalala. Kizingiti cha kelele kikateremshwa hadi robo ya kilipokuwa, nazo bado zikalala.

Ikahamishwa pia. Pale kwenye rafu nyuma ya makochi, midomo ya watu ilikuwa karibu nayo kuliko spika, na taa zilikuwa zikicheza kwa mazungumzo. Sauti hupungua takriban desibeli 6 kila umbali unapozidi maradufu, japo chumbani kuta hurudisha kiasi fulani. Kwa hiyo maikrofoni iliyo mita moja kutoka kwenye spika na mita nne kutoka kwa watu huusikia muziki kwa nafasi kubwa mno ikilinganishwa na ile iliyokuwa katikati yao. Usiiweke juu ya spika yenyewe. Kasha linatetemeka na maikrofoni inapokea mtetemo badala ya sauti.

Swali la Bluetooth liliulizwa, kama kawaida: kwa nini isitumike sauti moja kwa moja kutoka kwenye simu, bila maikrofoni? Alishajaribu, na taa zilitangulia muziki. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti, aghalabu kati ya milisekunde 100 na 250, kwa kuwa hubana sauti, huituma na kuikusanya upya. Ukizipa taa sauti kabla ya safari hiyo, zinawahi. Maikrofoni iliyo chumbani inasikia wanachosikia watu, basi. Nayo ina kuchelewa kwake: mita mbili za hewa ni milisekunde 6, WLED hukusanya sampuli 512, yaani vipimo vya sauti, kwa kasi ya sampuli 22,050 kwa sekunde, hiyo ni milisekunde 23, na kutuma data kwa taa 300 ni milisekunde 9, maana kila taa huchukua mikrosekunde 30. Jumla inakaribia 40. Pendekezo la ITU, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, kuhusu televisheni, BT.1359, huweka mwanzo wa watu kugundua sauti iliyoitangulia picha, kama hapa taa zinapochelewa, kwenye milisekunde 45. Tumo ndani, lakini pembeni kabisa mwa mstari. Ukiunganisha kanda mbili kuwa laini moja ya taa 600, unaongeza 9 nyingine na kuvuka. Heri kila ukanda upewe pini yake kwenye bodi.

Giza ndilo linalocheza

Umeme ulikuwa safi, sikio lilikuwa safi, na taa bado hazikucheza. Hapa ndipo mwenye nyumba alipoanza tena kuitazama programu kwa jicho baya.

Wimbo tuliotumia kujaribu ulikuwa na midundo 128 kwa dakika. Kati ya mdundo na mdundo kuna milisekunde 469. Muda wa mwanga kushuka, ule aliourefusha kulainisha mtetemo, ulikuwa zaidi ya milisekunde 1,000. Mdundo wa pili unafika kabla mwanga wa kwanza haujashuka hata nusu, wa tatu unaukuta juu zaidi, na kufikia wa nne mwanga uko kileleni na hauna pa kwenda. Hakuna mtindo wa taa unaoweza kuokoa hali hiyo. Mwanga usioshuka hauwezi kupanda.

Tukaufanya upande haraka, ndani ya milisekunde 20, na ushuke kwa takriban 300. Hivyo kabla ya mdundo unaofuata unabaki muda wa giza, mfupi lakini unaoonekana. Tofauti ilionekana kabla sijaondoa kidole kwenye simu.

Kuna la pili kuhusu giza, nalo ni la jicho. Jicho halioni mwanga kwa mstari ulionyooka. Ukiiambia LED iwake kwa asilimia 50, jicho huona kitu kinachokaribia robo tatu. Ukiiambia asilimia 20, jicho huona karibu nusu. Mwenye nyumba alikuwa ameweka kiwango cha chini kiwe asilimia 20 ili chumba kisiwe na giza totoro, akidhani anabakiza mwanga kidogo. Alikuwa anabakiza nusu. Tukakishusha hadi 2, tukawasha marekebisho ya gama, yanayopinda hesabu ya mwangaza ilingane na jicho, na chumba bado kilionekana vizuri.

Nina maoni yangu hapa. Taa za zamani za disko, zile sanduku zenye balbu tatu za rangi zilizogawana besi, sauti za kati na sauti kali, zilipendeza kuliko kanda nyingi za leo zenye mamia ya taa. Siri yake ilikuwa ni waya wa ndani ya balbu. Huwaka kwa joto, na joto haliondoki mara moja. Kila balbu ilishuka taratibu kwa maumbile yake, na hakuna aliyelazimika kuhesabu milisekunde. LED huzima mara moja tu, chini ya kupepesa jicho. Ulaini ule sasa ni lazima uandikwe kwenye programu, na anayeuandika asipoujua huweka ama sifuri, taa zikatetema, ama sekunde nzima, zikaganda.

Kisha besi. Mtindo aliokuwa akiupenda ulifuata nguvu ya sauti yote kwa ujumla. Muziki wa siku hizi umebanwa sana studioni, na nguvu yake kwa ujumla haibadiliki sana kati ya mdundo na mdundo. Kinachobadilika ni besi. Kwa sampuli 512 katika 22,050 kwa sekunde, hesabu ya Fourier, inayotenganisha sauti nzito na nyembamba, huigawa sauti katika vipande vyenye upana wa hezi 43 (mitetemo kwa sekunde) kila kimoja. Mpigo wa ngoma kubwa unakaa sana kati ya hezi 40 na 120, kwa hiyo ni vipande viwili au vitatu tu vya mwanzo vyenye habari tunayoitafuta. Vingine vyote ni sauti za waimbaji, vinanda, matoazi na wageni wenye vicheko. Mwangaza tukaufungia kwenye vipande hivyo vya chini. Rangi tukaiacha ifuate sauti za kati, ibadilike taratibu. Matoazi tukayanyima kazi yoyote ya kuwasha na kuzima, kwa sababu nitakayoieleza sasa hivi.

Mgeni aliyeumwa kichwa

Katika malalamiko manne hili ndilo lililotajwa kwa sauti ya chini kuliko yote, na kwangu ndilo zito.

Mtindo uliokuwa ukiendeshwa siku ile ulimulika nyeupe kote kwa kila sauti kali. Katika wimbo wa midundo 128, matoazi yakipigwa mara nne kwa kila mdundo ni mipigo 8.5 kwa sekunde. Kumulika kwa kasi ya kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde ndiko kunakoweza kuamsha kifafa kwa wenye ubongo unaoathirika na mwanga. Makadirio yanayotumika sana ni mtu mmoja kati ya 4,000, na hupatikana zaidi kwa watoto na vijana. Wengine wanajua hali yao kwa mara ya kwanza siku inapowapata. Huko Japani, Desemba 16, 1997, kipindi cha katuni kilirusha nyekundu na buluu kwa kupokezana takriban mara 12 kwa sekunde, na watoto wapatao 685 wakapelekwa hospitali. Huo ulikuwa mwanga wa skrini tu. Mwanga unaojaza dari nzima huwezi kuukwepa kwa kugeuza uso.

Mwongozo wa kurasa za wavuti, WCAG, unasema kisimulike kitu zaidi ya mara tatu katika sekunde yoyote, na unaionya kipekee nyekundu iliyokolea. Umeandikwa kwa ajili ya skrini, lakini sioni sababu ya sebule kuwa legevu zaidi.

Hapa palikuwa na mvutano wa kweli, maana nimetoka kusema giza ndilo linalocheza, na tofauti kubwa kati ya giza na mwanga ndiyo hiyohiyo inayoleta hatari. Suluhisho ni kuchagua cha kukifuata. Ngoma kubwa kwa midundo 128 hupiga mara 2.13 kwa sekunde. Hata midundo 180 kwa dakika inafika 3 tu. Taa inayoifuata ngoma kubwa peke yake iko salama karibu kwa nyimbo zote za kuchezea. Inayoyafuata matoazi iko hatarini kwa nyingi. Tuliongeza kizuizi: baada ya mwanga kupanda, usipande tena mpaka zipite milisekunde 350, hata ngoma ikipigwa mbili kwa mkupuo. Hiyo ni chini ya mara tatu kwa sekunde. Mitindo yote ya kumulika nyeupe ilitolewa kwenye orodha ya simu, si kwa kuizima bali kwa kuiondoa kabisa, kwa kuwa usiku ukikolea simu hupita mikononi mwa wengi. Nyekundu iliyokolea haimo tena katika rangi zinazoruka; imebaki kwenye zile zinazobadilika taratibu. Na taa moja ya kawaida kwenye kona inaachwa ikiwaka muda wote, mwanga mdogo usioyumba, ili chumba kisiruke chote kwa pamoja.

Mwenye nyumba alihofia mambo yatapoa. Hayakupoa. Taa iliyokuwa ikihangaika na kila kitu sasa ina kitu kimoja inachokifuata, na mtu akitazama dari anajua mdundo unaofuata utakuja lini.

Yaliyobaki

Nyimbo zisizo na ngoma kubwa bado ni taabu. Sauti za kwaya pekee, kinanda kitupu, gitaa na mwimbaji: besi haina kitu na taa zinakaa gizani kama zilizosahauliwa. Mpangilio wa pili umewekwa kwa ajili hiyo, unaofuata nguvu ya jumla kwa kupanda na kushuka kwa sekunde mbili au tatu, na kwa sasa unachaguliwa kwa mkono. Inawezekana kuifanya bodi ijichagulie kwa kuangalia kama besi imekuwa kimya kwa sekunde kadhaa, lakini nyimbo nyingi za kuchezea zina sehemu ya katikati ambapo ngoma hukatwa makusudi ili irudi kwa kishindo, na mpangilio ukibadilika wakati huo unaharibu kurudi kwenyewe. Nilishauri ibaki ya mkono.

Waya wa hasi wa bodi nao sasa unatoka kwenye pawa saplai peke yake, haupiti kwenye ukanda. Kwa maikrofoni ya tarakimu si lazima sana. Lakini mwenye nyumba ameshasema anataka kuongeza ukanda wa pili nyuma ya televisheni, na mkondo utakaoongezeka sitaki uanze tena kuongea na maikrofoni. Ukanda huo ukija, utapewa pini yake, fyuzi yake, na kikomo cha mkondo kitahesabiwa upya kwa kanda zote mbili kabla haujawashwa.